Gitaa Alilolichagua Shem

Kwa Milcah Shem,
Kibera Makina,
Nairobi.

14 Oktoba 1973

Mpendwa kaka Zedekiah,

Salamu nyingi sana zikufikie huko Kitwe, wewe na wote wa nyumba yako. Hamjambo? Wifi yangu Lornah, kile kifua chake kimepoa? Na Ajwang wenu, yale meno ya mbele yaliyong'oka yameota, au bado anaziba mdomo akicheka? Mwambie shangazi yake anamuulizia kila siku. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima na mvua imeanza, maana uliniambia huko kwenu joto la mwezi huu halimwachi mtu alale.

Sisi huku hatujambo, kwa namna watu waliofiwa wanavyosema hawajambo. Mama alibaki Alego baada ya mazishi. Mguu wake unamsumbua, lakini kanisani anafika. Milcah anakula, ila ni lazima mtu aketi karibu amwangalie, la sivyo ataisogeza sahani na kusema ameshiba. Odhiambo wao ameanza kutembea. Anakwenda mlangoni, anachungulia nje, halafu anarudi kututazama sisi. Hajui kusema anamtafuta nani, nasi hatumwambii. Mimi nimehamia hapa kwa muda ili nisimwache wifi peke yake, na cherehani yangu bado iko palepale Kenyatta Market, nashona sare za shule kama kawaida.

Barua yako niliipata. Kaka, nitakuambia ukweli, niliisoma nikaikunja, nikaisoma tena, nikasema ungekuwa karibu ningekujibu kwa mwiko. Lakini uko mbali, tena najua ulivyoumia. Telegramu ilikukuta uko safarini na treni, na uliporudi tulikuwa tumeshamzika Shem, mdogo wako. Mtu aliyekosa hata kutupa mchanga ana haki ya kukasirikia kitu fulani. Wewe umechagua kulikasirikia gitaa.

Baba mdogo ndiye aliyekuandikia, wala hakusema uongo. Ni kweli Shem aliuza santuri yake na baiskeli yake akiwa mgonjwa. Ni kweli alinunua gitaa la umeme, naye hana nguvu ya kusimama. Na ni kweli kwamba siku ya mazishi gitaa lenyewe halikuonekana, watu wakanong'ona mpaka Mama akasikia. Umeuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayeacha mke na mtoto bila kitu kwa sababu ya kutaka kujifurahisha. Sikukujibu upesi kwa sababu sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira ileile yako, nikaificha chini ya leso. Jibu nimelipata wiki hii, River Road, kwa hiyo keti, nitakueleza tangu mwanzo.

Uvimbe ulianzia upande wa ini. Daktari alimweleza Milcah na mimi pembeni, kwa upole sana, kwamba kukata hakutasaidia na kwamba dawa zilikuwa za kutuliza maumivu tu. Shem hakuambiwa. Au tuseme hakutuambia kama anajua. Sote tukawa tunasema akipona, akirudi kazini, akipata nguvu. Hata yeye alisema hivyo.

Unajua kazi ya bendi ilivyo, vyombo ni vya tajiri mwenye klabu. Shem alipiga lile gitaa jekundu karibu miaka kumi, na alipolala kitandani wakampa mwingine wiki hiyohiyo. Sikuwalaumu, bendi lazima ilie Jumamosi. Lakini ndipo tukagundua kwamba ndugu yetu, ambaye watu walitoka Kaloleni na Ofafa kuja kumsikiliza, hakuwa na gitaa lake. Mikono yake ikawa inakaa juu ya blanketi haijui ifanye nini.

Akaanza kusema anataka kununua lake mwenyewe, na si lolote tu. Wewe unayajua mambo haya kuliko mimi, ila nitakuandikia nilivyoyaelewa, maana niliyasikia mpaka nikachoka. Gitaa la umeme la mbao tupu, lisilo na uwazi ndani, lisipounganishwa na spika ni bubu, na nyumba ya Milcah haina stima. Gitaa la boksi, lile nene, linasikika bila stima, lakini ukilipeleka mbele ya spika kubwa za bendi linalia lenyewe vuuu mpaka watu wazibe masikio. Alilotaka yeye lilikuwa la katikati. Ni jembamba, ndani lina uwazi pande mbili na gogo la mbao katikati, na juu yake kuna matundu mawili marefu yaliyopinda. Alisema nyumbani litanong'ona na jukwaani litasema.

Milcah, kwa nia njema tu, akamshauri. "Si ununue tu boksi, baba Odhiambo? Ni rahisi, na hapa kitandani itakutosha."

Shem akageukia ukutani. Baadaye sana akasema, "Boksi ni ya mtu harudi kazi."

Baada ya hapo hakuna aliyelitaja tena boksi, kaka. Tulikuwa tumeshakubaliana sote kwamba anarudi kazini, sasa ungemnunulia vipi gitaa la kitandani? Tena tumbo lilikuwa limevimba, hilo nene lisingemkalia. Kwa hiyo niliona ana sababu. Nilidhani nimezielewa sababu zake zote.

Tulikwenda River Road kwa basi, mimi nimemshika mkono mmoja na Muli mwingine. Huyu Muli ni Mkamba wa Machakos, ndiye mpiga besi wa bendi yao, na tangu Shem augue alikuwa hapa nyumbani kuliko kwake. Tuliposhuka tulikuwa tunatembea kidogo na kumkalisha kidogo, kwenye ngazi za maduka ya misumari na rangi. Wenye maduka walimtazama tu wakamwacha. Duka la vyombo vya muziki ni la mzee mmoja Mhindi, mtu wa subira. Alimletea kiti bila kuombwa.

Shem alikuwa na namna yake ya kuchagua. Kwanza hapigi. Analaza sikio ubavuni mwa gitaa, anagonga kwa kifundo cha kidole, anangoja. Kisha anavuta uzi mmoja mnene na kuuacha ufe wenyewe huku kifua chake kimeegemea mbao. Alikataa la kwanza papo hapo, lilikuwa la mbao tupu na halikumjibu. La pili lilikuwa na rangi ya chai ya rangi, jembamba, lenye matundu mawili, yaani lilelile alilolieleza. Bega lake moja, lile la chini, lilikuwa limekatwa ili mkono ufike juu kabisa ya shingo. Bega la juu lilikuwa zima.

Kaka, alilipiga hilo bila stima na mtu mmoja aliyebeba mabati kichwani akasimama mlangoni na mabati yake. Mimi sijui gitaa, lakini nilijua hilo ndilo. Muli alikuwa anacheka peke yake.

"Hii ndio yenyewe," akasema. "Hii usiache, Shem."

Shem akaacha kupiga. Akaweka kiganja chake juu ya lile bega zima, akakiweka hapo muda mrefu kama mtu anayepima joto la mtoto. Kisha akamrudishia mzee gitaa lake na kumshukuru.

"Sauti ni nzuri. Lakini si hii."

"Sauti ni nzuri halafu si hii?" Muli alikasirika kweli. "Sasa wewe unanunua nini, rangi?"

Shem akanyoosha mkono ainuliwe. Mimi nilinuna njia nzima kwenye basi. Nilikuwa nimefunga kazi siku hiyo, nimembeba mgonjwa mjini kama mzigo wa viazi, anapata kile alichotaka, halafu anakikataa. Nilijiambia ni ugonjwa umemfika kichwani. Nisamehe kwa kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofikiri.

La mwisho lilipatikana Kilimani. Kulikuwa na Mzungu mmoja, mwalimu, aliyekuwa anarudi kwao na ameweka vitu vyake vyote barazani ili watu wanunue, viti, sufuria, vitabu, mpaka pazia. Mpishi wake anatoka kwa kina Muli, ndiye aliyetuambia kuna gitaa. Safari hii Shem hakuweza kutembea hata kidogo. Muli alimpandisha kwenye baiskeli, ileile ambayo baba mdogo anasikitika iliuzwa, akamsukuma polepole kuvuka Ngong Road mpaka kwenye zile nyumba zenye michongoma mirefu. Mimi nilitembea nyuma nikimshika mgongo asianguke. Watu wa huko walitutazama sana.

Gitaa lenyewe halikuwa zuri. Nakuambia hivi ili usije ukaota kitu kingine. Lina alama ya kuungua sigara pembeni, na sauti yake si tamu kama ya lile la River Road, ina ukungu kidogo. Lakini mabega yote mawili yamekatwa, sawasawa, kulia na kushoto. Shem aliligonga, akalisikiliza, akapiga kidogo tu. Halafu akafanya kitu cha ajabu. Akaligeuza. Akaishika shingo kwa mkono wa kulia, nyuzi zikiwa juu chini, na akautelezesha mkono mpaka mwisho kabisa, karibu na matundu, kuona kama utapita. Ukapita. Akatabasamu, na nilikuwa sijaona meno yake tangu Pasaka.

Mzungu alicheka, akadhani ni mzaha. Mimi pia nilidhani hivyo, nikamwambia aache mchezo, jua linawaka.

Mwalimu alikubali kutuwekea mpaka Jumamosi. Santuri na baiskeli zikaenda. Nililibeba gitaa mgongoni kutoka Kilimani, nikalishonea mfuko wa kitambaa cha kijivu, kile cha kaptura za shule, na vifungo vinne. Muli aliuliza kama gitaa linaanza darasa la kwanza. Hata Milcah alicheka siku hiyo.

Akalipiga, kaka. Usidhani lilikaa bure. Asubuhi alipokuwa na nafuu tulimwekea mto mgongoni, na lile umbo jembamba likamkalia vizuri juu ya tumbo. Lilikuwa linasikika ndani ya chumba tu, jirani hasikii. Odhiambo alikuwa anaweka kiganja kwenye mbao na kukiondoa, anakiweka na kukiondoa, kwa sababu ilimtekenya. Jumamosi nilikuwa napita kwenye nyama choma pale sokoni namletea kipande. Hakuweza kukila, alikuwa analamba chumvi tu na kunirudishia. Siku moja alinituma mfupa wa mguu wa ng'ombe, mtupu, mzito. Nikadhani ni supu. Alimwambia Milcah auchemshe mpaka mafuta yote yatoke, kisha auweke juu ya mabati ukauke. Tukatazamana. Tukafanya kama alivyosema.

Wakati huo maneno yalikuwa yameanza. Kina mama wa kwetu waliokuja kumwona, walipotoka nje walikuwa wanasema hii ni chira, kwamba mtu hakondi hivi mpaka awe amevunja mwiko, amemruka mkubwa wake katika jambo. Unawajua. Nyumba za Kibera kuta zake ni nyembamba, Shem akasikia kila kitu. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia asiwajali, yeye ni mtu wa kanisa.

"Mimi nimeoa baada ya Zede," akasema. "Nimejenga simba, nyumba yangu ya ujana, baada ya Zede. Hata kulima, nilimngoja. Ni kitu moja tu nilimruka."

Nikamuuliza kitu gani. Akaonyesha kwa kidevu pale gitaa lilipokuwa limeegemea ukuta, kisha akafumba macho. Sikumsumbua tena.

Kaka, unakumbuka gitaa la Baba? Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Lilikuwa moja, na nyuzi zake zilifungwa kwa ajili ya watu wa kulia, na wewe ni wa kushoto. Bibi alikuwa anakugonga mkono huo kwa mwiko kila ulipoupeleka kwenye sahani. Kwenye gitaa hakuna aliyekugonga, kwa hiyo ulilipindua ukajifunza kila kitu juu chini. Halafu ukamfundisha Shem. Mlikuwa mnakaa kwenye vigoda mnatazamana, magoti karibu yagusane, na kwa kuwa wewe ni wa kushoto na yeye wa kulia, alikuwa anakufuata kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Alijifunza haraka hivyo kwa sababu hiyo. Yeye mwenyewe aliniambia.

Na siku ile ya majaribio pale ukumbi wa Kaloleni nilikuwepo, nimebeba chakula chenu. Yule kiongozi wa bendi alikusikiliza wewe kwanza, akasema unapiga vizuri lakini vyombo ni vya tajiri, nyuzi hazigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja. Watu wakacheka ulivyolishika. Nawe ukacheka, ukamsukuma Shem mbele ukasema, basi chukueni huyu, ni yuleyule. Mwaka haukuisha ukapanda treni. Hujawahi kuandika neno gitaa katika barua zako zote, mpaka hii ya juzi.

Nilidhani ulikuwa umesahau. Shem hakusahau.

Wiki yake ya mwisho alimwambia Muli ampelekee gitaa kwa fundi Ephantus, yule anayetengeneza redio na spika chini ya ngazi huko River Road. Alisema shingo inakoroma. Nilipinga, nikasema halikoromi, lilikuwa linalia vizuri jana tu. Akamwambia Muli aende. Akampa na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Lilipokuwa linatoka mlangoni alilitazama mpaka likapotea, halafu akaomba maji. Hakuliona tena. Alituacha asubuhi, Milcah ameshika miguu yake na mimi kichwa, na haikuwa vigumu kwake mwishoni. Nakuambia ili ulale.

Kule Alego, Muli na wenzake waliimba bila gitaa. Mama aliniuliza liko wapi lile lililokula baiskeli. Nikasema liko kwa fundi. Ulipaswa kuona nyuso za wazee. Nilitamani ardhi ipasuke. Na moyoni nikamwambia Shem, umeona sasa, hata leo halipo.

Basi Jumanne hii ndipo nilipopata nguvu ya kwenda kulichukua. Muli alinisindikiza. Ephantus alilitoa chini ya meza, limo ndani ya mfuko wangu wa kijivu, amelipangusa vumbi. Muli akaketi kwenye kigoda, akasema ngoja nikupigie ile ya Shem unayoipenda, halafu twende. Akapiga. Ikatoka sauti ya ovyo, kama mtoto amelivamia. Akasimama, akalitazama. Uzi mnene uko chini, mwembamba uko juu.

"Wee Ephantus, umefanya nini hii gitaa? Umeiharibu! Hii ni kitu ya marehemu!"

Ephantus hakupandisha sauti. "Mimi sijaharibu. Yeye mwenyewe ndiye alinituma, na nilirudi kumuuliza, nilifika mpaka kwake Makina. Akasema nifunge nyuzi za kushoto. Hata mfupa alinipa yeye, nichonge mpya, kwa sababu ile ya zamani haiwezi kushika nyuzi zikigeuzwa." Akatuonyesha pale juu ya shingo, kile kipande kidogo cheupe kinachogawa nyuzi. "Nilimwambia, mzee, wewe ni wa kulia, utapiga aje? Akaniambia gitaa si yake. Ni ya ndugu yake mkubwa, yuko Zambia."

Muli akaketi tena. Akaweka kiganja kwenye bega la juu la gitaa, lile lililokatwa, kama nilivyomwona Shem akifanya kwenye lile lingine. "Ndio maana alikataa ile nzuri," akasema. "Ukiipindua, hilo bega lingezuia mkono wa Zede."

Nililia, kaka. Nililia pale River Road mchana kweupe, watu wanapita na mabomba na magunia, na Ephantus akafunga redio zote zilizokuwa zinapiga kelele. Ule mfupa ni wa Kenyatta Market, niliununua mimi mwenyewe nikilalamika kwamba hauna nyama.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu lako. Uliuliza mtu gani mwenye akili timamu anafanya hivyo. Hakujifurahisha. Lile la kumfurahisha yeye alilirudisha dukani, mbele ya macho yangu. Alichukua lenye ukungu kwa sababu ndilo lingekuingia wewe mkononi, na akalipiga wiki zile chache alizobakiwa nazo kama mtu aliyeazimwa, kisha akakurudishia. Na hakumwambia hata mkewe, maana angesema ni lako, angekuwa amesema harudi kazini.

Usijilaumu kwa barua ile. Sikumwonyesha Milcah wala sitamwonyesha. Mimi nimemwomba Shem msamaha kwa sauti, jikoni, nikiwa peke yangu. Wewe utajua namna yako.

Mambo mengine ni haya. Mtu alikuja kutaka kulinunua na Milcah akamfukuza kwa fagio, lakini uchumi wa nyumba usikutie wasiwasi, mimi na yeye tumeweka cherehani ya pili. Muli aliomba nyuzi zirudishwe ili alitumie klabuni, nikamkatalia, naye akasema alikuwa anajaribu tu kuona nitasema nini. Ephantus anasema vile vitufe vya sauti vitakuwa upande wa juu ukilishika, mkono utavigusa bila kutaka, lakini mtu huzoea.

Mama anataka maombi kaburini mwezi wa Desemba. Omba likizo mapema. Usiniambie treni haziwezi kukuacha, zilikuwepo kabla yako. Mlete Lornah na Ajwang, tutabanana.

Msalimie sana wifi Lornah, mwambie kitenge alichotuma kilifika na nimekishona. Mbusu Ajwang. Mama anakusalimu, na Odhiambo mdogo anakusalimu bila kukujua. Milcah anasema shemeji, usiogope kuja, hakuna atakayekuuliza kwa nini ulichelewa. Mungu aliyemlaza Shem bila maumivu na akulinde wewe kwenye reli hizo, akufikishe.

Gitaa linaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake. Kila mgeni anayejua muziki hulishusha, anavuta nyuzi mbili tatu, anatuangalia kwa aibu, analirudisha. Hapa Nairobi hakuna wa kulipiga. Muli anazijua nyimbo zote za Shem, kila kidole kilipokuwa. Amesema ukija mtaweka vigoda viwili, mketi mkitazamana, naye atakuonyesha.

Mimi dada yako akupendaye siku zote,
Awiti